Leaf, Fielder au Probox tena? Kisa cha teksi moja ya Malindi

Probox ya 2007 ilikuwa imefika mwisho wake. Injini bado iliwaka vizuri, lakini kutu ilikuwa imekula bodi hadi chini ya miguu ya dereva pakachomelewa bati, na mlango wa nyuma kushoto ulifunguka kwa nje tu. Mwenyewe ni dereva wa teksi hapa Malindi, mzee anayejulikana uwanja wa ndege na kwenye mahoteli ya upande wa Casuarina, na siku hizi anasaidiwa usukani na kijana wake aliyemaliza chuo. Mapema 2025 walinijia pamoja wakiwa hawaelewani. Mimi ni fundi wa umeme, wa magari na wa majumba, na kila mmoja alitaka niwe upande wake. Wameniruhusu nieleze mambo yao mradi nisitaje majina.

Mzee alitaka Probox nyingine ya petroli. Vipuri viko kila duka, makanika yeyote kuanzia Mtwapa hadi Garsen anaijua, na ikiharibika leo kesho iko barabarani. Kijana alitaka Nissan Leaf, gari la umeme mtupu, na hesabu zake zote zilikuwa kwenye simu.

"Baba, pesa yote tunayoitafuta tunaipeleka petroli stesheni," akasema.

"Mwanangu, mgeni akinipigia saa nne usiku ataka kuwahi ndege Mombasa alfajiri, nimwambie angoje gari lishibe stima?"

Nimeamua kukieleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu mjadala wa magari ya umeme huku kwetu umekuwa wa ushabiki. Mmoja anakwambia umeme ndio mwisho wa dhiki zako, mwingine anakwambia utalala porini. Wote wawili hawajakuuliza unaendesha wapi, saa ngapi, na gari linalala wapi. Kwa mzee huyu majibu ya maswali hayo yalikuwepo tayari, yameandikwa kwa kalamu.

Daftari

Mzee huandika kila safari kwenye daftari la shule: tarehe, alikomchukua abiria, alikompeleka, pesa aliyolipwa, na mafuta aliyotia. Madereva wengi hawana kitu kama hicho, na ndiyo maana wengi hununua gari kwa kumtazama jirani.

Kitu cha kwanza kilichojitokeza ni msimu. Wakati wa kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, wageni wamejaa na gari linakwenda karibu kilomita 4,000 kwa mwezi. Masika yakiingia, baadhi ya mahoteli yanafunga, na mwezi mzima unaweza kuisha kwa kilomita 1,800, Mombasa ikiwa ni mara moja kwa wiki au isiwe kabisa.

Kijana alikuwa amechukua zile 4,000 akazigawa kwa siku 30, akapata kama kilomita 133 kwa siku. Leaf yenye betri ya kilowati-saa 40 inazimudu bila jasho. Hapo ndipo alipojengea hoja yake yote, na kwa mtu wa mshahara anayekwenda kazini na kurudi ingekuwa hoja nzito. Lakini teksi haiendi kwa wastani. Kuna siku inazunguka kilomita 30 na kuna siku inakwenda 260.

Nikamwomba apige mstari mwekundu chini ya kila safari ya mbali. Katika kila safari kumi, nane zilikuwa za hapa hapa: mjini, Watamu, Gede, Mambrui. Mbili zilikuwa za mbali, karibu zote za Mombasa, ama uwanja wa ndege wa Moi ama stesheni ya treni ya SGR pale Miritini. Malindi hadi Mombasa ni kama kilomita 120, na ukijumlisha mizunguko ya kule, kwenda na kurudi ni 260. Mara moja kwa mwezi kulikuwa na Mokowe, kilomita kama 220 kwenda tu, kupitia Garsen na Witu, kuwafikisha wageni gatini wavuke kwa boti hadi kisiwa cha Lamu.

Kisha tukajumlisha pesa. Zile safari nane za karibu zilileta sehemu ndogo ya mapato. Safari ya Mombasa inalipwa elfu nane au tisa, na katika mwezi wa kaskazi zilikuwa kama kumi. Ukiweka na Mokowe, zaidi ya nusu ya pesa ya nyumba ile ilikuwa chini ya mistari myekundu. Kijana alikaa kimya akiitazama ile jumla. Baba yake hakusema kitu, na nilimheshimu kwa hilo.

Leaf ilipewa haki yake

Sikutaka tuitupe Leaf kwa sababu mzee haipendi, maana hesabu ya kijana upande wa mafuta ilikuwa sahihi kabisa. Miezi ile bei ya petroli, inayotangazwa na EPRA, mamlaka ya nishati, tarehe 14 ya kila mwezi, ilikuwa ikizunguka shilingi 175 hadi 185 kwa lita. Tukafanya 180. Probox ilikuwa ikipata kilomita 13 kwa lita, AC ikiwa imewashwa na abiria wamekaa. Kilomita 4,000 ni lita 308, yaani zaidi ya shilingi 55,000 kwa mwezi. Katikati tukaweka gari la haibridi, lenye injini ya petroli na mota ya umeme pamoja; tukalihesabia kilomita 18 kwa lita, likatoka na shilingi 40,000. Leaf tukaihesabia kilomita 6 kwa kila yuniti, yaani kilowati-saa moja, tukatoa kinachopotea wakati wa kuchaji, ikataka kama yuniti 740. Kwa stima ya nyumbani ya karibu shilingi 30 kwa yuniti pamoja na kodi na tozo, hiyo ni 22,000.

Tofauti ya elfu 33 kwa mwezi ukilinganisha na Probox si kitu cha kupuuzwa. Na bado hujahesabu oili, plagi za injini na filta ambazo Leaf haina habari nazo, wala breki zinazodumu kwa sababu mota yenyewe ndiyo inayopunguza mwendo. Mwaka 2023 Kenya Power ilianzisha bei maalumu ya kuchaji magari, shilingi 16 kwa yuniti saa za kawaida na 8 saa ambazo matumizi ni madogo, kabla ya kodi na tozo, ila lazima uwe na mita ya peke yake kwa kazi hiyo. Ushuru wa bidhaa kwa gari la umeme mtupu ni asilimia 10, wakati gari la petroli lenye injini isiyozidi sisi (cc) 1,500 linatozwa 20. Tena sehemu kubwa ya stima ya nchi hii inatoka kwenye mvuke wa ardhini wa Olkaria, maji na upepo, si kwenye mafuta ya kuagizwa. Mimi ni mtu wa umeme, na ningefurahi sana kuona teksi za Malindi zikienda bila moshi.

Lakini tuipeleke Mombasa. Leaf ya kilowati-saa 40 ikiwa mpya ilikadiriwa Marekani kwenda kilomita 243. Inayotufikia sisi si mpya. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, kwa hiyo mwaka 2025 mwisho ilikuwa la 2018, na hilo ndilo watu wa kipato chetu wanaloweza kulifikia. Betri iliyotumika miaka saba, ikiwa imebakiwa na asilimia 85 ya nguvu zake, inakufikisha kama kilomita 200. Utafika Mombasa vizuri. Kurudi ndiko hakupo, mpaka uchaji.

Kuchaji kule kunataka mambo matatu yakutane: kituo cha haraka kiwepo, kiwe kinafanya kazi, na kiwe na plagi yako. Leaf ya Japani inatumia CHAdeMO kwa chaji ya haraka. Magari ya China hutumia GB/T, mengi ya Ulaya hutumia CCS2, na anayejenga kituo leo anawafikiria hao. Abiria wa ndege hatakungoja utafute adapta. Pia kila saa unayokaa kwenye plagi Mombasa ni saa ambayo simu ya Malindi inaita bure.

Kilichomaliza ubishi hasa ni usiku mmoja wa Februari uliokuwa daftarini. Mzee alirudi kutoka Mombasa saa tano usiku. Saa kumi alfajiri aliondoka tena kwenda huko huko na watu wengine. Tuseme angekuwa na Leaf iliyobakiwa na asilimia 10. Nyingi za Japani zina chaja ya ndani ya kilowati 3. Saa tano za usiku ni yuniti 15, ukitoa zinazopotea zinabaki kama 13 na nusu, yaani kilomita 80 hivi juu ya kile kidogo kilichosalia. Gari lingezimika njiani, na mgeni ana tiketi mkononi.

Tukaziweka namba mbili kando kwa kando. Leaf ingempa akiba ya elfu 18 kwa mwezi kuliko haibridi. Safari kumi za Mombasa, ukitoa mafuta ya haibridi, zinamwachia karibu elfu 59. Huwezi kuikimbilia akiba ya 18 ukaweka 59 rehani.

Nyumba yenyewe

Hata kama Mombasa isingekuwepo, kulikuwa na suala la mahali gari linapolala. Wanapanga nyumba Maweni, ndani ya uwanja wenye wapangaji wengine, na mita ya tokeni ni moja kwa nyumba tatu. Nilikwenda kuiangalia. Soketi ambayo kijana alikuwa ameipangia kuchajia imefungwa ukutani kwenye baraza, na waya wake ni ule ule unaolisha friji ya jirani na taa za nje. Nilipoifungua, kiplastiki cha nyuma kilikuwa kimebadilika rangi ya kahawia kuzunguka skrubu moja, na waya wa ethi ulikuwa umekatwa ukakunjwa ndani ya boksi bila kwenda popote.

Nataka msomaji alielewe hili. Pasi inatumia nguvu nyingi kwa dakika chache halafu inapumzika. Gari linavuta nguvu hiyo hiyo saa nane au kumi bila kupumzika. Skrubu iliyolegea kidogo inapata joto, joto linaongeza ulegevu, na saa tisa usiku hakuna aliye macho. Gari la umeme linataka waya wake pekee kutoka kwenye boksi la brekari, wenye unene wa kutosha, brekari yake, kinga ya kuvuja kwa umeme, na ethi ya kweli iliyozikwa ardhini. Kazi hiyo si ya kutisha na gharama yake si kubwa ukilinganisha na bei ya gari, lakini huwezi kuifanya kwenye nyumba ya mtu bila idhini yake, na mwenye nyumba alikataa.

Ukiongeza na kukatika kwa stima kwetu, mambo yanazidi. Tarehe 25 Agosti 2023 nchi nzima ililala gizani, achilia mbali kukatika kwetu kwa kawaida mvua na upepo vikizidi. Mwenye gari la kwenda kazini atasubiri. Mwenye teksi usiku huo amepoteza siku ya kesho.

Hapa niseme jambo la pembeni. Nina jirani ambaye ni muuguzi, ana nyumba yake, ana sola juu ya paa, na safari zake ni hospitali, shule na sokoni. Kwake yeye ningesema Leaf bila kusita, na hata ile ya betri ndogo iliyoingia nchini zamani ingemtosha, mradi betri ipimwe kwanza. Ni mji huo huo na barabara hizo hizo, lakini jibu linageuka kabisa kwa sababu gari lake linalala kwake na halina safari ya ghafla.

Basi haibridi, lakini ipi

Kurudi kwenye Probox ya petroli kungemfurahisha mzee kwa wiki chache. Kilomita 13 kwa lita ndizo zilizoanzisha ubishi wote. Tukaingia kwenye haibridi.

Outlander ya kuchaji tuliiacha mapema: ni gari zuri, lakini injini yake ya sisi 2,000 au 2,400 inaingia kwenye ushuru wa asilimia 25, na bei yake ilikuwa nje ya mkopo wao. Note e-Power ilimvutia kijana. Magurudumu yake yanasukumwa na mota ya umeme tu, na injini ndogo ya sisi 1,200 kazi yake ni kuzalisha stima. Mjini ni tamu sana. Kwenye barabara ndefu faida yake inapungua, na buti yake haibebi masanduku ya familia ya Waitaliano wanne. Honda Fit ya haibridi ya miaka ile ina gia za klachi mbili ambazo hazipendi kutambaa kwenye foleni, na foleni ya Mtwapa wote tunaijua.

Tukabaki na Toyota Fielder haibridi. Injini ni sisi 1,500, ya ukoo mmoja na ile ya Probox, kwa hiyo makanika wa mjini hawaanzi darasa la kwanza. Betri yake ni ya nikeli, ya vipande vilivyoungwa mfululizo, na kipande kimoja kikichoka kinaweza kubadilishwa. Buti inatosha. Ubaya wake ni kwamba iko chini, na barabara ya Marafa itaikwaruza. Mzee alikubali kwamba wageni wanaokwenda kuona makorongo ya Nyari kule Marafa atawapatia gari la mwenzake.

Japani waliitangaza Fielder hii kwa zaidi ya kilomita 30 kwa lita. Namba hiyo isahauni. Ni ya maabara, bila AC, bila masanduku, bila matuta. Ukiwa hapa, hesabu 20 mjini na 18 njia ndefu, na ukizidi hapo shukuru. Haibridi inaokoa zaidi mahali pa kusimama na kuondoka, kwa sababu kila breki inarudisha kitu kwenye betri. Barabara iliyonyooka inaipunguzia faida hiyo.

Tofauti ya bei kati ya Fielder ya petroli na ya haibridi, kwa magari waliyoonyeshwa, ilikuwa kama laki mbili. Akiba ya mafuta ni elfu 15 mwezi wa kaskazi na elfu saba au nane masika. Ndani ya mwaka mmoja na nusu hivi tofauti imerudi. Ile miezi ya masika ndiyo niliyoisisitiza, kwa sababu mkopo wa sacco haujui kwamba mahoteli yamefunga. Nilimwambia mzee achukue marejesho ambayo mwezi wa Mei unaweza kuyalipa, hata kama miaka itaongezeka.

Kulitafuta gari lenyewe

Tulikwenda Mombasa kwenye yadi. Gari la kwanza lilikuwa jeupe, linang'aa, kilomita chache kwenye dashibodi. Nikaunganisha skana chini ya usukani, nikafungua kwenye simu programu ya Dr. Prius inayoonyesha volteji ya kila kikundi cha betri. Namna ya kupima ni rahisi na mtu yeyote anaweza kuomba ifanywe mbele yake. Gari liko kwenye gia, mguu wa kushoto uko kwenye breki kwa nguvu, wa kulia unakanyaga mafuta kidogo kidogo. Vikundi vyote vinatakiwa kushuka kwa pamoja na kupanda kwa pamoja. Kwenye gari lile kimoja kilikuwa kikianguka kabla ya wenzake kila mara, na tulipoachia kikawa cha kwanza kupanda. Kikundi cha namna hiyo kimechoka. Leo hakijawasha taa ya hatari, lakini jua la Machi na mlima wa Rabai vitakiwasha.

Kisha nikaangalia tundu la hewa. Betri ya Fielder iko chini ya kiti cha nyuma na inapozwa na feni inayovuta hewa ya ndani ya gari kupitia kidirisha cha plastiki pembeni mwa kiti. Nilikitoa. Nyuma yake kulikuwa na tabaka la vumbi na nyuzi lililoshikana kama kitambaa, ukilivuta linatoka kipande kizima. Betri ile ilikuwa imepumua kupitia blanketi kwa muda mrefu. Muuzaji alisema ni uchafu wa safari ya meli. Tukamshukuru tukaondoka.

Huku pwani kuna jambo la zaidi ambalo wa Nairobi hawalijui sana. Vipande vya betri vimeunganishwa kwa vibati vya shaba, na hewa ya chumvi inavigeuza rangi kuwa kijani. Kutu hiyo ya kijani inazuia umeme, kiungo kinapata joto, kompyuta inasoma kwamba betri imekufa, na mtu anauziwa betri mpya wakati alihitaji vibati visafishwe na nati zikazwe kwa kipimo chake. Nimeifungua betri ya namna hiyo zaidi ya mara moja. Ila hii si kazi ya kujaribia: nyaya za rangi ya machungwa zinaua. Plagi ya usalama inatolewa kwanza, unangoja dakika kumi, na glavu za umeme ziko mkononi. Fundi anayefungua bila kufanya hayo, chukua gari lako uondoke.

Gari la pili liliagizwa moja kwa moja Japani. Tulisoma karatasi ya mnada pamoja na picha za chini, na tukakataa moja lililotoka Hokkaido. Kule barabara hunyunyiziwa chumvi wakati wa theluji, na gari linakuja na kutu tayari kabla halijauonja upepo wa Malindi. Lililonunuliwa lilikuwa la 2018, la fedha, limetembea kilomita elfu tisini na kitu. Ushuru wa forodha kwa magari ya mitumba ulipanda kutoka asilimia 25 hadi 35 mwaka 2023, na KRA, mamlaka ya kodi, haihesabu kwa bei uliyolipa wewe bali kwa bei yake ya gari likiwa jipya, ikipunguzwa kwa umri. Mzee alikuwa amejiandaa kwa hilo kwa sababu tulilihesabu kabla hajatuma hata senti.

Miezi ya kwanza

Kabla halijapokea abiria lilipakwa dawa ya kuzuia kutu chini, kwenye milango na ndani ya fremu. Maagizo ya kuosha niliyarudia mara nyingi: chini lioshwe kwa maji ya mfereji yanayotoka Baricho, si ya kisima, maana visima vingi karibu na bahari vina chumvi, na ukiosha nayo unaipaka chumvi ukidhani unaiondoa.

Daftari sasa lina safu mpya. Mjini gari linapata kilomita 20 na kidogo. Mombasa likiwa na abiria wawili ni 18, likijaa watu na mizigo linashuka hadi 17. Iko karibu sana na tulivyohesabu. Mara moja walisikia feni ikivuma nyuma kwa nguvu kuanzia Kilifi hadi nyumbani. Begi la mgeni lilikuwa limeegemezwa kwenye tundu la hewa, na betri ilikuwa ikihema. Hakuna kilichoharibika, lakini tangu siku hiyo kijana ameweka kichuma chembamba kinachozuia mizigo isifike pale, na kidirisha kinasafishwa kila mwisho wa mwezi. Mara nyingine gari halikuwaka kabisa asubuhi, na mzee akaamini betri kubwa imekufa. Ilikuwa ile ndogo ya volti 12 iliyoko nyuma ndani ya buti. Bila hiyo kompyuta haiamki, hata kama betri kubwa imejaa.

Kati ya akiba ya mafuta, elfu tano kila mwezi zinawekwa kando kwa ajili ya betri kubwa. Hilo nililifanya sharti. Betri ya nikeli ya 2018 itachoka siku moja, na anayekula akiba yote atakuja kulaumu haibridi wakati amekula pesa ya betri kidogo kidogo.

Kijana hajaiacha Leaf, na sitaki aiache. Familia ina kiwanja Muyeye ambacho mama yake anakijenga taratibu. Wakihamia, gari la pili litakuwa la umeme, la safari za Watamu, Gede na uwanja wa ndege tu, na Fielder ibaki na Mombasa na Mokowe. Mambo mawili ndiyo yanayosubiriwa: mita yao wenyewe, na betri itakayopimwa afya yake kwa programu ya LeafSpy kabla ya kulipiwa, kwa kuwa betri ya Leaf haina mfumo wa kuipoza na joto la huku linaichosha mapema. Mzee ameshakubali, kwa sharti kwamba zamu ya Mombasa usiku isiguswe.